Kompaila Huchaguliwa na Mwenyeji: Ushauri kwa Waandishi wa Plagini za VFX

Anayeandika plagini ya Nuke, Maya au Houdini kwa mara ya kwanza hujishughulisha zaidi na hesabu: namna ya kutia ukungu kwenye picha, namna ya kukunja umbo, namna ya kuigiza moshi. Hesabu zikikamilika, plagini inafanya kazi vizuri kwenye kompyuta yake. Anaituma kwa mteja, na siku hiyo hiyo anapata jibu kwamba haifunguki. Wakati mwingine inafunguka, kisha programu nzima inazimika ghafla msanii akiwa katikati ya kazi ambayo hajaihifadhi.

Mara nyingi hesabu zile hazina kosa lolote. Msimbo ni ule ule, lakini umejengwa kwa kompaila ambayo programu ya mteja haielewani nayo. Hasara yake ni ya kweli: studio huahirisha kazi, msanii hurudia alichokwisha kufanya, na mwandishi wa plagini, hasa kijana anayejitafutia jina akiwa Nairobi au Dar es Salaam na mteja wake yuko ng'ambo, hupoteza imani aliyoanza kuijenga.

Ushauri wangu mkuu ni huu: usijichagulie kompaila. Imekwisha kuchaguliwa na kampuni iliyojenga programu unayoiandikia. Kazi yako ni kuitambua, kuipata na kuitumia hiyo hiyo. Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho.

Kwa nini toleo lina uzito

Plagini haijitegemei. Programu mwenyeji huipakia ndani ya mchakato wake wenyewe, na kuanzia hapo pande mbili hutumia kumbukumbu moja. Mwenyeji anapokupa kitu cha C++, tuseme jina la faili lililohifadhiwa kama `std::string`, hakupi maelezo ya namna kitu hicho kilivyopangwa. Anachukulia kwamba unajua tayari. Makubaliano hayo ya mpangilio, ya majina ya fanksheni ndani ya faili na ya namna ya kupitisha thamani ndiyo huitwa ABI. API inakuambia uandike nini kwenye msimbo. ABI ndiyo inayoamua kama vipande viwili vilivyojengwa mahali tofauti vitaelewana baada ya kukompailiwa.

Mfano unaojulikana sana ulitokea Aprili 2015, GCC 5.1 ilipotoka. Sheria za C++11 zilikataza mtindo wa zamani ambao nakala kadhaa za `std::string` zilitumia hifadhi moja mpaka mojawapo ibadilishwe. Ili kutimiza sheria hizo kwa jumla, GCC ililazimika kubadilisha mpangilio wa `std::string` na `std::list`. Kwenye mashine za biti 64, `std::string` ya zamani ina baiti 8 na mpya ina baiti 32. Sasa chukua klasi ya mwenyeji yenye `std::string` ndani yake. Ukiijenga plagini yako kwa mpangilio mpya na mwenyeji amejengwa kwa ule wa zamani, kila kinachofuata baada ya jina hilo kitasomwa mahali pasipo pake. Ukibahatika, plagini itakataa kupakiwa. Usipobahatika, itapakiwa na kuharibu kumbukumbu kimyakimya.

Muulize mwenyeji kwanza

Kabla hujaandika mstari wa kwanza, jua mwenyeji wako alijengwa kwa nini. Tasnia hii ina mwongozo wa pamoja, VFX Reference Platform, unaosimamiwa chini ya kamati ya teknolojia ya Visual Effects Society. Ulianza na orodha ya mwaka 2014, na kila mwaka wa kalenda una orodha yake ya matoleo ya kompaila, Python, Qt, Boost, OpenEXR, OpenVDB na mengineyo. Ulianzishwa kwa sababu studio zilichoka kukuta programu mbili walizonunua haziwezi kutumia maktaba moja.

Kwa upande wa Linux, yafaa uyashike haya. Orodha za 2018, 2019 na 2020 zinatumia GCC 6.3.1. Za 2021 na 2022 zinatumia GCC 9.3.1. Za 2023, 2024 na 2025 zinatumia GCC 11.2.1. Maktaba ya msingi ya C, glibc, ilibaki 2.17 mpaka orodha ya 2022, kisha ikawa 2.28 kuanzia 2023. Mwaka huo wa 2023 ndio pia orodha ilipohamia kwenye mpangilio mpya wa `std::string` nilioueleza. Kwa hiyo mpaka kati ya 2022 na 2023 ni mpaka mkubwa kuliko yote ya karibuni: mambo matatu yalibadilika kwa pamoja, na plagini ya upande mmoja haivuki kwenda upande wa pili.

Usidhani kwamba mwaka ulio kwenye jina la programu ndio mwaka wa orodha yake. Maya 2023 ina Python 3.9, ambayo ni ya orodha ya 2022. Maya 2024 ina Python 3.10 na Maya 2025 ina Python 3.11. Soma maelezo ya kila toleo, usikisie.

Kila mwenyeji pia ana desturi yake. Plagini ya Maya hujengwa upya kwa kila toleo la mwaka, kwa kutumia devkit ya toleo hilo, ambayo hupakuliwa kando. Nuke huangalia namba mbili za kwanza: iliyojengwa kwa 15.0 hutumika katika marekebisho yote ya 15.0, lakini 15.1 inahitaji kujengwa upya. Houdini hukuambia wazi: jina la faili yake ya usakinishaji kwa Linux huwa na maneno kama `gcc11.2`, na ndani ya programu amri ya Python `hou.applicationPlatformInfo()` hurudisha habari hiyo hiyo. Houdini pia huja na zana iitwayo `hcustom` inayojua machaguo yote ya ujenzi. Itumie walau mara moja, hata kama unapendelea CMake, ili uone ni machaguo gani yanayotarajiwa.

Ukikosa maelezo kabisa, isome faili yenyewe. Kwenye Linux, `readelf -p .comment` ikielekezwa kwenye maktaba ya mwenyeji mara nyingi huonyesha jina na toleo la kompaila iliyoijenga.

Linux: jenga kwenye mfumo mkongwe

Kosa la kawaida ni kujenga plagini kwenye Ubuntu mpya kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta yako, ilhali studio nyingi hutumia Rocky Linux au AlmaLinux. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, na Ubuntu 24.04 ina 2.39. Kuanzia glibc 2.34, fanksheni za nyuzi na za kupakia maktaba zilihamishiwa ndani ya maktaba kuu. Kwa sababu hiyo hata plagini ndogo inayoanzisha uzi mmoja, ikijengwa kwenye Ubuntu 22.04, itadai glibc 2.34. Mashine yenye 2.28 itaikataa.

Kanuni ya Linux ni kwamba kilichojengwa kwenye mfumo wa zamani hukubalika kwenye mpya, na kinyume chake hakikubaliki. Basi jenga kwenye mfumo mkongwe kuliko yote unaotaka kuuhudumia. Kwa orodha za 2023 mpaka 2025, huo ni mfumo wa kundi la Red Hat Enterprise Linux 8 pamoja na gcc-toolset-11. Kwa orodha za kabla yake ni CentOS 7 pamoja na Developer Toolset: ya 6 kwa GCC 6.3.1 na ya 9 kwa GCC 9.3.1. Zana hizo zina sifa moja ambayo wengi huikuta kwa mshangao. Kwenye CentOS 7 hutumia mpangilio wa zamani wa `std::string` daima, hata uandike `_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=1`. Wenyeji wa wakati huo walijengwa hivyo pia, kwa hiyo zinakufaa.

Huhitaji kununua kompyuta ya pili. Academy Software Foundation, iliyoanzishwa mwaka 2018 na Academy of Motion Picture Arts and Sciences pamoja na Linux Foundation, hutoa kontena za Docker zilizopangwa kufuata orodha za kila mwaka, kama `aswf/ci-base:2022` na `aswf/ci-base:2024`. Unajenga ndani ya kontena, unatoa faili, basi. Kontena hizi ni nzito, na kwa wengi wetu bando si jambo la kupuuza. Ipakue mara moja mahali penye intaneti ya uhakika, itoe kwa `docker save` kwenye diski, kisha wape wenzako wa timu. Itunze vizuri, hasa ya orodha za 2022 na nyuma, kwa maana msaada wa CentOS 7 ulikoma tarehe 30 Juni 2024, na kuisimamisha upya kutoka mwanzo kumekuwa kazi ya usumbufu.

Windows: unganisha kwa makini

Kabla ya Visual Studio 2015, kila toleo kubwa la kompaila ya Microsoft lilikuwa na ABI yake, na aliyeandikia Maya alilazimika kuweka matoleo matatu au manne ya Visual Studio kwenye mashine moja. Kuanzia 2015 mambo yalitulia: matoleo ya 2015, 2017, 2019 na 2022 yanaelewana. Lakini maelewano hayo yana masharti. Ukichanganya vipande vya matoleo mbalimbali, hatua ya mwisho ya kuunganisha lazima ifanywe na zana mpya kuliko zote zilizotumika, na maktaba za wakati wa utendaji kwenye mashine ya mtumiaji lazima ziwe mpya kiasi hicho au zaidi. Maktaba tuli zilizojengwa kwa chaguo la `/GL` haziingii katika maelewano hayo kabisa.

Sharti la maktaba za utendaji ndilo lililowaumiza wengi mwaka 2024. Visual Studio 2022 toleo la 17.10 lilibadilisha namna `std::mutex` inavyoanzishwa. Msimbo uliojengwa kwa toleo hilo huhitaji `msvcp140.dll` mpya. Programu kubwa mara nyingi hubeba nakala yake ya `msvcp140.dll` kwenye folda yake, na Windows ikishaipakia nakala hiyo, plagini yako nayo itaitumia. Kama ni ya zamani, plagini inaanguka mara ya kwanza inapojaribu kufunga mutex, hata kama mtumiaji ana maktaba mpya kwingineko kwenye mashine. Dawa ziko mbili: jenga kwa seti ya zana ya zamani zaidi, ambayo Visual Studio hukuruhusu kuisakinisha kando, au tangaza `_DISABLE_CONSTEXPR_MUTEX_CONSTRUCTOR` katika ujenzi wako. Mimi napendelea ya kwanza, kwa sababu inalinda hata mambo ambayo hujayasikia bado.

Jambo la pili la Windows ni ujenzi wa Debug. Ukitumia `/MDd`, unaleta maktaba nyingine kabisa ya utendaji, na vyombo vya C++ kama `std::vector` hubadilika ukubwa. Mwenyeji wako amejengwa kwa `/MD`. Kumbukumbu iliyotengwa na upande mmoja ikiachiliwa na upande wa pili, matokeo yake ni kuanguka. Unapotaka kuchunguza hitilafu, tumia RelWithDebInfo ya CMake: inabaki na `/MD` na bado inakupa taarifa za uchunguzi.

macOS: usanifu na toleo la chini kabisa

Kwenye Mac, ugomvi wa kompaila ni mdogo, kwa sababu karibu kila mtu hutumia Clang na libc++ za Apple. Maswali makubwa ni mawili. Je, mwenyeji anaendeshwa kama arm64 au x86_64? Maya 2024 na Nuke 15 zilikuja na uwezo wa kuendeshwa moja kwa moja kwenye Apple Silicon. Matoleo ya nyuma yake hupitia Rosetta, na mchakato wa Rosetta hauwezi kupakia plagini ya arm64. Jenga faili yenye usanifu wote wawili kila inapowezekana, kisha ihakiki kwa `lipo -archs`. Swali la pili ni toleo la chini kabisa la macOS unalokusudia. Liweke wazi kwa `CMAKE_OSX_DEPLOYMENT_TARGET`. Usipoliweka, ujenzi huelekea kufuata toleo la mfumo ulio mbele yako, na msanii mwenye Mac ya zamani ataachwa nje.

Maktaba za watu wengine

Kompaila ikishalingana, bado kuna maktaba ulizobeba. Tuseme plagini yako inatumia OpenEXR au Boost, na mwenyeji naye ana zake za toleo jingine. Kwenye Linux, majina ya fanksheni yanaweza kugongana, na mwito wako ukaishia kwenye maktaba ya mwenyeji. Unazo njia mbili salama. Ama tumia nakala ile ile ya mwenyeji, kwa faili za vichwa za toleo lile lile. Ama jumuisha ya kwako kama maktaba tuli na kuificha kabisa, kwa `-fvisibility=hidden` pamoja na `-Wl,--exclude-libs,ALL`, ili nje zionekane tu fanksheni ambazo mwenyeji anazihitaji. Kaa kwenye njia moja. Kuchanganya faili za vichwa za toleo moja na maktaba ya toleo jingine ndiko kunakoleta hitilafu zinazochukua wiki kufumbuliwa.

Angalia pia kiwango cha C++ ulichotaja. Baadhi ya faili za vichwa hubadilisha umbo la klasi kulingana na kama umechagua C++14 au C++17. Fuata kiwango cha orodha ya mwaka wa mwenyeji wako.

Pima kama OFX inakutosha

Kuna njia ya kukwepa sehemu kubwa ya taabu hii. OpenFX, kiwango kilichoanzishwa na Bruno Nicoletti akiwa The Foundry na ambacho sasa kinalelewa na Academy Software Foundation, huongea na mwenyeji kwa lugha ya C pekee. Mpaka wa C hauna `std::string` wala klasi, kwa hiyo tofauti za ABI ya C++ hazivuki. Plagini moja ya OFX inaweza kufunguka katika Nuke, DaVinci Resolve na Natron bila kujengwa upya kwa kila toleo la mwaka. Masharti ni kwamba usiruhusu hitilafu ya C++ itoroke kupita mpaka huo, na uendelee kuheshimu glibc na maktaba za utendaji kama nilivyoeleza.

OFX hushughulikia picha za pande mbili. Kama unahitaji jiometria ya Nuke, picha za deep au mifupa ya wahusika katika Maya, utarudi kwenye API ya mwenyeji. Lakini kama kazi yako ni rangi, ukungu, kuondoa chembe au kukata kijani, anza na OFX. Utaokoa muda mwingi wa matengenezo.

Hakiki kabla ya kutuma

Kabla ya kutuma faili, izoee orodha fupi hii:

- Endesha `objdump -T` kwenye plagini na utafute `GLIBC_` na `GLIBCXX_`. Namba ya juu kabisa isizidi ile iliyoko kwa mteja. Kwa kukusaidia: GCC 9.3 huishia `GLIBCXX_3.4.28`, na GCC 11 huishia `GLIBCXX_3.4.29`.
- Tafuta `__cxx11` kwenye majina ambayo plagini inayaomba kutoka nje. Yakiwemo ilhali mwenyeji ni wa orodha ya 2022 au nyuma, ujenzi umekosewa.
- Angalia maktaba zinazohitajika: `ldd` kwenye Linux, `dumpbin /dependents` kwenye Windows, `otool -L` kwenye Mac. Njia yoyote inayoelekea kwenye folda yako ya nyumbani ni kosa.
- Ipakie plagini bila skrini, kwa `nuke -t`, `mayapy` au `hython`, kwenye mashine au kontena isiyo na zana zako za ujenzi. Mashine za kurenda hufanya kazi hivyo hivyo, na mara nyingi ni za Linux hata pale wasanii wanapotumia Windows.

Panga faili zako kwa programu, toleo na mfumo endeshi, kisha mwachie mwenyeji achague iliyo yake. Maya ina faili za `.mod` zinazokubali sharti la toleo, Houdini ina faili za packages, na Nuke ina `init.py` inayoweza kusoma `nuke.NUKE_VERSION_MAJOR`. Ndani ya kila folda weka maandishi mafupi: kompaila, seti ya zana, glibc, Python na orodha ya mwaka gani. Mtu wa msaada katika studio atakushukuru, na hata wewe utayahitaji mteja atakapouliza baada ya miaka miwili.

Mteja akileta ujumbe wa kosa, mwombe autume kamili. `version 'GLIBCXX_3.4.30' not found` maana yake umejenga kwa GCC 12 au mpya zaidi. `undefined symbol` inayoanza na `_ZN` ipitishe kwenye `c++filt` usome jina lake halisi, kisha uulize ni nani aliyetakiwa kulitoa. Kuanguka bila ujumbe wowote kunakuelekeza kwenye mpangilio wa kumbukumbu: Debug dhidi ya Release, faili za vichwa zisizolingana, au maktaba mbili zilizogongana.

Hakuna lolote kati ya haya linalohitaji kipaji cha pekee. Linahitaji kuamua, tangu siku ya kwanza ya mradi, kwamba mazingira ya ujenzi ni sehemu ya plagini kama zilivyo hesabu zake. Waandishi wa Afrika Mashariki wana uwezo wa kuuza kazi hii popote duniani, na mnunuzi wa mbali hakupimi kwa kitu kingine kabla ya hiki: je, faili uliyomtumia imefunguka? Andika jina na toleo la kompaila ya mwenyeji kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi wako leo, kabla hujaandika fanksheni ya kwanza.